Kampuni za ndege zikiungana, nani anakaa juu?

Swali: Shikamoo mhariri. Mdogo wangu ni rubani Marekani, anasema kampuni mbili zikiungana marubani wanagombana kama ndugu kwenye mirathi. Kwani si waangalie tu nani aliajiriwa kwanza?

Jibu: Marahaba. Hapo kwenye "nani kwanza" ndo pana moto, maana namba yako kwenye listi ya ukongwe wa marubani ndo inaamua unarusha ndege gani, ukapteni utaupata lini, hadi likizo. Cheki US Airways na America West, waliungana 2005. Wa US Airways wakataka tarehe ya kuajiriwa maana wengi walikuwa wakongwe, ila baadhi walikuwa wamesimamishwa kazi kwa muda, wa America West wakasema aa wapi, nyie mlikuwa mmefilisika sisi kazi tunazo. Msuluhishi George Nicolau 2007 akawaachia 517 wa US Airways kileleni kwa sababu wao ndo walikuwa na kazi za ndege kubwa, wengine wa pande zote mbili akawachanganya kwa uwiano wa nafasi zao kwenye listi zao za zamani, waliosimamishwa akawaweka mkiani. Weee! 2008 wa US Airways wakakitosa chama chao cha marubani wakaleta kipya, kesi zikavuta miaka, kampuni moja listi mbili. Mi naona tarehe peke yake haitoshi, lakini mtu wa miaka 15 kazini kukaa chini ya kijana wa juzi, inauma jamani.