Mhandisi mhitimu kwenye mradi wa barabara: uanze na PMP au uanze na saiti?

Mdogo wangu, umesema umemaliza digrii ya uhandisi ujenzi, mkandarasi wa barabara amekuchukua uwe msaidizi wa meneja mradi, na unauliza kama ukimbilie PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Iache kwanza. Mwenye digrii ya miaka 4 anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Wewe jisajili ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhandisi mhitimu, omba SEAP, mpango wake wa mafunzo kazini kwa wahitimu, ili miaka yako 3 ya mafunzo ianze kuhesabiwa mapema, halafu akili yote ihamie saiti.

Wiki ya kwanza omba mkataba wote, siyo BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) peke yake. Anza na masharti maalumu, kwa sababu ndiyo yanayobadilisha masharti ya jumla, zikiwemo siku. Kila muda wa mwisho uandike kwenye karatasi moja na uibandike ukutani.

Unaoumiza wengi ni ule wa siku 28. Kwa FIDIC, masharti ya mikataba ya ujenzi yanayotumika kimataifa, Kitabu Chekundu cha 1999, kifungu 20.1, mkandarasi anayetaka muda wa nyongeza au malipo ya ziada lazima atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua tatizo, au alipopaswa kulijua. Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Chukua mfano wa bomba la maji lililopita pale kalvati inapotakiwa kukaa, na mamlaka ya maji bado haijalihamisha. Kijiko kimesimama, vibarua wamekaa. Watu husubiri bomba lihamishwe wajue hasara yote ndipo waandike, na hapo haki imeshapotea. Notisi haidai hesabu! Taja tatizo, tarehe lilipojulikana, mahali (mfano km 4+320, yaani kilomita 4 na mita 320 tangu mwanzo wa barabara), mitambo iliyosimama na kifungu unachotegemea. Hesabu na vielelezo vinafuata, ndani ya siku 42 tangu ulipojua tatizo, kwa toleo hilo. Peleka barua, nakala yako irudi na muhuri na saini ya aliyepokea. Ujumbe wa WhatsApp usiutegemee.

Barua hiyo itasimama kwa nguvu ya shajara ya saiti. Ukiandika "mvua kubwa" hujaandika kitu. Andika "mm 38, saa 10 alfajiri hadi saa 1:30 asubuhi, tuta halikupitika hadi saa 8 mchana, greda 1 na rola 2 zimesimama", kisha mwakilishi wa mhandisi mshauri (anayesimamia kazi kwa niaba ya mteja) asaini siku hiyohiyo. Ukimfuata baada ya wiki mbili, atakwambia hakumbuki, na hutakuwa na la kumjibu.

Sasa moramu, udongo wa changarawe wa kujengea tabaka za barabara, maana hapa ndipo pesa inavuja kimyakimya. Mteja analipa ujazo ulioshindiliwa, wewe unamlipa mwenye tipa kwa tripu. Tabaka la mm 150, upana m 8, urefu m 100 ni m³ 120 baada ya kushindiliwa. Moramu iliyolegea, kabla ya kushindiliwa, huchukua nafasi kubwa zaidi. Tuseme mara 1.3 (pima ya machimbo yako mwenyewe, inatofautiana), unahitaji m³ 156. Kwa tipa ya m³ 15 ni tripu 11. Kama karani ameandika tripu 15, ama tipa hazijai, ama tabaka limezidi unene, ama kuna tripu za kwenye karatasi tu. Pima bodi la kila tipa kwa futi kamba kabla halijaanza kazi, na linganisha tripu na mita zilizotandazwa kila jioni. Mwisho wa mwezi umeshachelewa.

Kazi itakayofukiwa, kama msingi wa kalvati au udongo mbovu ulioondolewa, ipimwe na pande zote mbili na karatasi isainiwe kabla fomeni hajaruhusu kufukia. Piga picha yenye rula ndani yake. Fomeni atakuharakisha kwa sababu zege liko njiani, simama hapohapo.

Jambo la mwisho ni mtiririko wa fedha. Kwa mkataba huohuo mteja ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi mshauri apokee madai ya mwezi. Kwa hiyo kazi ya Machi, ukiwasilisha madai mwanzoni mwa Aprili, inaweza kulipwa mwishoni mwa Mei bila mteja kuvunja mkataba. Dizeli ya Aprili na Mei itafutiwe hela kwingine, na meneja wako aambiwe hivyo mapema, kwa namba.