Mwalimu kugombea kiti cha BOM, soma hii kwanza

Mwalimu, umeuliza kama ugombee kiti cha mwakilishi wa walimu kwenye BOM (Board of Management, bodi inayosimamia shule) ya shule yenu, wenzako wa stafurumu wanakusukuma lakini unaogopa kukosana na prinsipo. Mimi nimekalia hicho kiti kwa sekondari moja ya kutwa huku Magharibi mwa Kenya, wacha nikwambie vile mambo huenda.

Jua hesabu ya hiyo meza kabla uingie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepea wazazi viti sita, sponsa (mdhamini wa shule, kama kanisa) vitatu, bodi ya elimu ya kaunti kimoja, kuna cha makundi maalum na cha watu wenye mahitaji maalum, halafu walimu wote, hata mkiwa hamsini, mnapata kiti kimoja. Na bado wanaweza kuongeza watu wengine watatu. Prinsipo ndiye katibu, kwa hivyo ajenda inatoka kwake na kumbukumbu anaandika yeye. Ukienda pale na makelele ya stafurumu utamalizwa asubuhi na mapema.

Halafu hakikisha umechaguliwa, si kuteuliwa. Sheria inasema walimu wachague, lakini kuna shule prinsipo anasema tu kwa mkutano "nadhani fulani anatosha", watu wanapiga makofi wanarudi kusahihisha vitabu. Kataa hiyo. Sisi tulikata vipande vya karatasi za mtihani zilizobaki, tukatumia sufuria ya chai kama sanduku, depyuti akahesabu kila mtu akiona. Siku unapinga jambo pale bodini hakuna mtu atakuuliza umetumwa na nani. Kampeni usijisumbue nayo, na usinunulie mtu soda, wenzako wanajua nani huongea mbele ya watu na nani huongelea kwa korido.

Kazi yenyewe hufanywa kabla ya mkutano. Kuna muhula walimu wa BOM (wale bodi inaajiri yenyewe, si wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu) walikuwa hawajalipwa tangu tufungue, kapitesheni (pesa za serikali kwa kila mwanafunzi) imechelewa, na hiyo stori ikawekwa kwa "mengineyo" huko mwisho kabisa, saa ile harufu ya pilau inatoka jikoni na kila mtu anaangalia saa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaenda kwa basa, mwenye kushika hesabu za shule, nikajua deni ni ngapi, nikachukua ratiba nikapiga mstari chini ya kila somo linalofundishwa na wale walimu, nikampitishia mama mmoja mwakilishi wa wazazi ambaye huuza mboga sokoni. Huyo mama alisimama akainua ile karatasi akasema, "Mwenyekiti, hapa fomu foo haina mwalimu wa fizikia wala kemia hawa wakienda, sasa pilau tunakula ya nini?" Mimi sikuongeza neno. Wakakubaliana pesa za kukodisha basi zilipe mwezi mmoja na deni lingine lingoje kapitesheni. Haikutosha, lakini hakuna aliyeacha kazi muhula huo.

Pahali pagumu ni nidhamu. Iko siku utakuta jina la mwenzako kwa ajenda, na bodi ina nguvu ya kumsimamisha mwalimu kwa niaba ya TSC. Akiwa rafiki yako wa karibu au ndugu, sema wazi utoke nje. Kama siyo, kaa ndani uhakikishe ameandikiwa makosa yake na amepewa nafasi ya kujitetea, hiyo ndiyo inamsaidia kuliko kumpigia simu usiku kumwambia nani alisema nini. Ukianza kutoa siri za bodi, wazazi hawatakuamini tena hata kwa mambo ya chaki.

Na usiahidi watu promosheni au uhamisho, hayo ni ya TSC.

Kuhusu prinsipo, mwambie mapema unachoenda kusema. Wangu alikuwa mkali lakini kitu kilimuudhi zaidi ni kushtukizwa mbele ya sponsa, tukishaongea ofisini hata tukikosa kukubaliana tulikuwa tunakunywa chai pamoja baadaye.

Ila kama umeshaomba uhamisho au unapanga kuomba, achia mwingine. Ukihama katikati kiti kinabaki wazi, kura inarudiwa, jina linapelekwa tena kaunti, na hapo katikati walimu hawana mtu kwenye meza na bajeti inapitishwa hivyo hivyo.