Re: Dole gumba linauma kila nikimaliza zamu ya masaji

Pole sana dada. Umesema maumivu yanaanzia shina la dole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono, na spa wanakupangia wateja watano mfululizo.

Kabla ya yote, angalia kitanda. Simama kando yake, mikono ikining'inia, kunja ngumi: iguse kitanda kidogo tu. Kikiwa juu zaidi utasukuma kwa mabega na vidole badala ya kuegemea. Mteja mnene, kishushe tena.

Dole gumba liachie kazi ya kutafuta palipokaza tu. Kubonyeza, tumia kigasha, ile nyama ya chini ya kiwiko: mguu mmoja mbele, goti limelegea, egemea taratibu uzito wa mwili ushuke wenyewe. Wale wa "kaza zaidi dada" wanaridhika kabisa, na wengi hata hawajui umeacha kutumia dole gumba.

Kwa meneja, omba angalau dakika 15 kati ya wateja, na masaji nzito mbili zisifuatane. Ukilipwa kwa kichwa inauma mfukoni, najua, lakini wiki za kukaa nyumbani na mkono uliofungwa hakuna anayezilipa.

Ila ukianza kuamka usiku dole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, huo si uchovu tena. Huenda neva imebanwa kwenye kifundo. Nenda hospitali umwone mtaalamu wa fiziotherapia, usimeze diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ukaingia zamu.