Picha za Korea Kaskazini

SWALI: Mhariri, picha za maisha ya kila siku ya Korea Kaskazini hupigwaje, ilhali nchi hiyo imejifungia? Je, ni za kuaminika?

JIBU: Nyingi hupigwa na wageni wanaofuatana na waongozaji wa serikali, ambao hukataza kupiga picha askari na hutaka sanamu za viongozi zionekane nzima, bila kukatwa hata mguu. Mwaka 2013, wageni waliporuhusiwa kutumia intaneti ya simu, mpiga picha David Guttenfelder wa shirika la habari la Associated Press alianza kutuma picha papo hapo kutoka Pyongyang, mji mkuu. Kwa maoni yetu si za uongo, ila Pyongyang ni mji wa wateule, ambao hakuna aishiye humo bila kibali. Tazama pembezoni mwa picha: paneli za sola zilizoning'inizwa kwenye roshani zafichua uhaba wa umeme, jambo ambalo gwaride halionyeshi.