Barua kwa Mwanangu: Mawe ya Bradwell

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni haki kusema kwamba kanisa la Mtakatifu Petro pale Bradwell, Essex, Uingereza, lilijengwa na Cedd mnamo mwaka 654, ilhali mawe na matofali yake yaling'olewa katika ngome ya Kirumi ya Othona. Mimi ni mwashi, na kwangu anayepanga jiwe juu ya jiwe ndiye mjenzi, hata kama lilichongwa na mwingine. Cedd, mtawa wa monasteri ya Lindisfarne aliyetumwa kuwahubiria Wasaksoni wa Mashariki, watu wa Essex ya kale, aliweka msingi palepale lilipokuwa lango la ngome, na ndiyo maana kanisa likaitwa la juu ya ukuta.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni lile ghala, maana kanisa hilo baadaye liligeuzwa ghala la mavuno. Siku tuliyokwenda na mama yako, tuliona katika kuta ndefu viraka vya mahali palipotobolewa ili magari ya mavuno yapite. Mgeni mmoja akasema ni aibu nyumba ya Mungu kugeuzwa ghala. Mama yako, ambaye hana desturi ya kuzungumza na watu asiowajua, akamjibu kwa upole kwamba mkulima hakubali nafaka yake ilowe, na kwa hiyo paa lile lilipata mtu wa kulitunza. Mgeni akanyamaza. Kila nikikumbuka ninafurahi upya, kwa kuwa nimewaambia tangu mkiwa wadogo: jengo huuawa na upweke, haliuawi na kazi.

Hata hivyo najipinga mwenyewe. Upande wa mashariki, chumba cha madhabahu chenye umbo la nusu duara hakipo tena. Ukutani imebaki mianzo ya matao ya matofali ya Kirumi, inayomsikitisha fundi yeyote. Ghala lina haja gani na madhabahu? Kazi iliuokoa ukumbi, wenye urefu wa mita kama 15 na upana wa 6 na nusu, hadi ibada iliporejea mwaka 1920, lakini haikuokoa kila kitu. Hata hivyo ninashikilia neno langu: upweke ungebomoa vyote.

Kuhusu haki ya kuyachukua mawe, jibu liko ncha ya ulimi, nami ninalizuia kwa shida. Sigeberht, mfalme wa Wasaksoni hao wa Mashariki, ndiye aliyeomba wahubiri waletwe, na labda magofu yale yalikuwa yake kuyatoa. Mama yako keshaamua kwamba Cedd hakuiba. Mimi nataka kwanza nirudi nikaukague ule msingi wa lango.

Baba yako