Ukifika Novosibirsk, shuka

Wengi wanaopanda treni Moscow kwenda Ziwa Baikal au Vladivostok huiona Novosibirsk, jiji la Siberia nchini Urusi, kwa dirishani tu. Mimi nilipanga kushuka asubuhi, nibadilishe treni mchana, niwahi Irkutsk, mji ulio karibu na Ziwa Baikal.

Saa ndiyo iliyonikwamisha. Saa za Moscow ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo tangu niingie Urusi sikuwa nimeigusa saa yangu ya mkononi. Novosibirsk iko mbele kwa saa nne. Tiketi ilisema 14:20, yaani saa nane na dakika ishirini mchana. Nilirudi stesheni saa yangu ikionyesha saa sita kamili, moyo umetulia. Kumbe pale ilikuwa saa kumi jioni, treni imeshaondoka zamani. Nilisimama mbele ya ubao wa ratiba nikahisi miguu imeishiwa nguvu. Tangu Agosti 2018 tiketi za treni za Urusi zinaandikwa saa za mahali unapopandia. Zamani zilifuata saa za Moscow, na ushauri huo wa zamani bado unazunguka mitandaoni. Usiufuate.

Tiketi niliyoimudu ilikuwa ya keshokutwa. Siku mbili hizo ndizo ninazozikumbuka kuliko safari nzima.

Anzia mtoni. Jiji hili lilizaliwa mwaka 1893 kama makazi ya wajenzi wa daraja la reli juu ya mto Ob, na leo ni la tatu kwa ukubwa nchini humo. Kipande cha daraja lile la kwanza kimehifadhiwa ukingoni. Nilikishika kwa glavu, chuma kimeganda barafu, na mto wenyewe ulikuwa uwanja mweupe ambao watu wameketi juu yake wakivua samaki kwenye vitundu. Kisha panda metro uvuke mto. Jumba la opera, lililofunguliwa Mei 1945, usiliache. Hata kama huna tiketi ya onyesho, lizunguke kwa nje ulitazame kuba lake.

Siku ya pili nenda Akademgorodok, mji wa wanasayansi ulioanzishwa mwaka 1957 katikati ya msitu, kusini mwa jiji. Pale kuna sanamu ya panya mwenye miwani, anafuma uzi wa DNA kwa sindano. Ni heshima kwa panya wa maabara. Nilikaa mbele yake muda mrefu, maana sijawahi kuona mahali pengine watu wakimshukuru panya.

Beba fedha taslimu. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu 2022. Januari na Februari vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kwa sababu ndani ya majengo na mabehewa kuna joto la kukutoa jasho. Ukichoka, stesheni kubwa zina vyumba vya kupumzikia vya kulipia.

Na ukirudi kwenye treni, mwombe mhudumu wa behewa glasi yenye kishikio cha chuma. Maji ya moto yapo mwisho wa behewa usiku na mchana. Majani ya chai na tangawizi nilibeba kutoka nyumbani, na jirani yangu wa kitanda cha chini aliomba kuionja mara mbili.