Maswali ya Wasomaji: Gitaa Kuukuu Lililowahi Kuvunjika Kichwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Mtwara mjini. Mzee mmoja wa Lindi, ambaye enzi zake alipiga muziki wa dansi, ananiuzia gitaa lake la umeme aina ya Gibson SG analosema ni la mwaka 1967. Hafichi kwamba liliwahi kuvunjika kichwa, likaunganishwa, kisha likapakwa rangi nyeusi, na kwamba freti zote, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zilibadilishwa. Anataka shilingi milioni tano, akisema kuwa gitaa la umri huo halishuki thamani. Je, nitajuaje kama ukarabati huo ni imara, na bei hiyo ni ya haki? Aidha, kile kipande chenye mifereji ya kupitishia nyuzi karibu na kichwa kimelika. Je, fundi wa vinyago anaweza kunichongea kingine cha mpingo?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza mshukuru mzee wako kwa kusema ukweli, kwani wauzaji wengi huacha rangi nyeusi iseme kwa niaba yao. Kuvunjika kichwa kwa magitaa ya Gibson ni jambo la kawaida kabisa. Shingo za miaka hiyo zilichongwa kwa mahogani, kichwa kikainamishwa kwenda nyuma, na chini ya kile kifuniko kidogo cha plastiki pakachimbwa shimo la kufikia nati ya ufito wa chuma unaopita ndani ya shingo, hivyo mbao hubaki nyembamba mahali pale pale zinapovuta nyuzi zote sita kwa nguvu inayozidi kilo 40. Gitaa la namna hiyo linaweza kuanguka chali likiwa ndani ya kasha lake na bado likakatika hapo.

Kwa hiyo linalokuhusu ni namna lilivyovunjika na namna lilivyoungwa. Mpasuko mrefu uliofuata urefu wa mbao huacha eneo kubwa la kushikwa na gundi, na ukiungwa vizuri unaweza kudumu miongo mingi. Mpasuko mfupi uliokata mbao kwa upana ni dhaifu, isipokuwa kama fundi alizamisha vipande vya mbao ngumu kuvuka kiungo. Rangi nyeusi itakuzuia kuona, basi pitisha ukucha polepole nyuma ya shingo, kuanzia freti ya kwanza hadi kwenye funguo za kukazia nyuzi, kisha lielekeze gitaa kwenye mwanga wa dirisha ili uone kama kuna mstari uliozama au kingo mbili zisizolingana. Ukikuta skrubu zilizopigiliwa kichwani, au mabaki magumu ya ile gundi inayokauka kwa sekunde chache, mwachie mzee gitaa lake, kwa sababu kiungo cha namna hiyo kikifunguka tena gundi ya mbao haitashika juu ya mabaki ya gundi nyingine.

Kwa idhini ya mwenyewe, legeza nyuzi, ondoa kifuniko cha plastiki na uizungushe nati ya ufito robo ya mzunguko, taratibu, kila upande. Hapa ndipo wanunuzi wengi hawafiki: gundi iliyomwagika wakati wa kuunganisha inaweza kuwa iliingia ndani na kuushika ufito, na shingo ambayo ufito wake haufanyi kazi haitanyooka tena kwa urahisi, hasa katika unyevu wa pwani yetu. Kisha shika shingo kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, usukume kidogo huku jicho likiwa kwenye kiungo. Ufa wowote unaofumbua na kufumba unamaanisha kwamba kazi haijaisha. Tazama pia pale shingo inapoingia kwenye mwili, kwa kuwa SG ina kiungo chembamba mahali hapo na nyufa zake husahaulika watu wanapoangalia kichwa tu. Mwisho, omba nyuzi zikazwe hadi sauti yake sahihi na gitaa lilale hivyo usiku kucha. Asubuhi yake ukague tena.

Kuhusu mwaka, namba ya gitaa isikutulize peke yake, kwani katika miaka ya 1960 kiwanda cha Gibson cha Kalamazoo, Marekani, kilirudia namba zilezile katika miaka tofauti. Maneno MADE IN USA yakiwa yamegongwa nyuma ya kichwa, kwa kawaida gitaa ni la 1970 au baadaye. Fungua pia kifuniko cha nyuma usome namba iliyogongwa kwenye volyumu, yaani vidhibiti vya sauti: namba kama 1376650 huanza na 137, ambayo ni alama ya kampuni ya CTS iliyovitengeneza, kisha hutaja mwaka 1966 na wiki ya 50. Volyumu hubadilishwa, lakini zikiwa za asili, gitaa haliwezi kuwa na umri kuzizidi.

Sasa bei. Katika masoko ya Marekani na Ulaya, kichwa kilichovunjika hushusha thamani ya gitaa kuukuu kwa takriban nusu, hata fundi awe hodari kiasi gani, na kupakwa rangi upya hushusha tena. Freti mpya zisikusumbue, maana huisha kama tairi. Hoja ya mzee kwamba umri hulinda bei ni kweli kwa gitaa ambalo halijaguswa, na hili limeguswa sana. Kwa maoni yangu, lilipie kama chombo cha kazi cha kwaya, si kama akiba: anza na milioni mbili, na usivuke milioni mbili na nusu hata likifaulu kila jaribio. Mwombe aandike kwenye stakabadhi matengenezo yote anayoyajua, kwani siku ukiliuza nawe utadaiwa maelezo hayo hayo.

Fundi wa vinyago asiguse kiungo cha kichwa, hata akisifiwa vipi. Kipande cha nyuzi anaweza kukichonga, na mpingo ni mgumu vya kutosha, ingawa mimi ningechagua mfupa wa ng'ombe uliokaushwa vizuri, ambao huvumilia zaidi msuguano wa nyuzi za chuma. Mpe kile cha zamani kama kipimo, mifereji aichimbe kwa kina kidogo kwanza, na akibandike kwa tone moja au mawili ya gundi nyeupe ya mbao, ili kiweze kutolewa bila kung'oa mbao ya shingo.